Saa za kuuza na saa za nyumbani

Mara nyingi twawasikia wazazi wakiwahimiza wana wao: «Soma kwa bidii, upate kuwa wakili mkubwa!» Hawakosi sababu. Wakili huheshimiwa, hula vizuri, nao watoto wake hawafukuzwi shule kwa kukosa karo. Lakini ni wachache wanaouliza wakili huyo hurudi nyumbani saa ngapi, na ni nani anayewalaza watoto wake. Ili kulieleza jambo hilo, tutalitazama kule lilikokomaa, yaani Marekani, katika zile ofisi kubwa za mawakili za New York na miji mingine. Ofisi moja yaweza kuwa na mawakili elfu na zaidi, wanaoshughulikia mashauri ya mabenki na makampuni ya dunia nzima.

Kwanza yafaa kufahamu namna kazi hiyo inavyolipwa. Seremala huuza meza, mkulima huuza mihogo. Wakili wa ofisi hizo huuza saa. Mara nyingi kila saa hukatwa vipande 10 vya dakika 6, na kwa kila kipande wakili huandika alimfanyia kazi mteja gani, na kazi yenyewe ilikuwa nini. Hesabu hiyo hupelekwa kwa mteja, naye hulipa. Dakika za kula, za kumwongoza kijana aliyeajiriwa juzi, za kumpa pole mwenzake aliyefiwa, haziingii katika hesabu, maana hakuna mteja atakayezilipa.

Zamani mzigo huu ulikuwa mwepesi zaidi. Mwaka 1958 Chama cha Mawakili cha Marekani kilitoa kijitabu cha kuwashauri mawakili waandike saa zao kwa uangalifu, kikakadiria kwamba mtu aweza kupata saa 1,300 hivi za kulipwa kwa mwaka. Siku hizi ofisi nyingi kubwa hutaka saa 1,900 au 2,000. Sisi walimu tumezoea kuwapa wengine hesabu. Basi tuifanye hii wenyewe. Tuseme kwamba katika kila saa 4 ambazo wakili yuko kazini, 3 tu ndizo ziwezazo kuandikwa. Ili apate 2,000 itampasa kukaa kazini saa 2,667 hivi. Tukimwachia majuma 4 ya likizo, yabaki majuma 48, na kila juma ni saa 55 na zaidi. Akipumzika Jumamosi na Jumapili, ni saa 11 kila siku, bila kuhesabu safari ya kwenda na kurudi. Toka 1,300 mpaka 2,000 zimeongezeka saa 700. Saa hizo hazikushuka kutoka mawinguni. Nyingi zimetolewa mezani pa chakula cha jioni na kando ya kitanda cha mtoto.

Tena kuna jambo la umri. Mwanzo wa karne ya 20, wakili Paul Cravath wa New York alitengeneza utaratibu ambao ofisi nyingi ziliuiga: kuwachagua wanafunzi hodari wa vyuo vikubwa, kuwafundisha kazi kwa miaka, kisha kuwapokea wachache wawe washirika wenye kugawana faida, na wengine kuambiwa watafute mahali pengine. Kijana huingia akiwa na miaka 25 au 26, na hungoja miaka 8, 9 au 10 kabla ya kujua atapokewa au hapana. Miaka hiyo ndiyo ya kuoa na kuolewa, ndiyo ya kuzaa. Mashamba mawili yanadai jembe moja, katika mvua ile ile.

Jembe hilo lilikuwa zito zaidi kwa wanawake. Sandra Day O'Connor alipomaliza masomo ya sheria huko Stanford mwaka 1952, ofisi za mawakili hazikumtaka. Moja ilimwonyesha kazi ya ukarani tu. Baadaye aliacha kazi miaka 5 hivi ili kuwalea wanawe, akarudi, na mwaka 1981 akawa mwanamke wa kwanza katika Mahakama Kuu ya nchi hiyo. Sheria ya mwaka 1993 imewapa wafanyakazi wengi majuma 12 ya likizo, bila mshahara, mtoto anapozaliwa; na ofisi kubwa zimeongeza likizo zenye malipo. Ni jambo jema. Lakini likizo huisha, na mtoto huendelea kulia usiku. Na siku hizi simu ya mkononi huileta ofisi mpaka chumbani.

Wanaume wengi husema: «Nawatafutia wanangu.» Ni kweli, wanatafuta. Lakini mtoto wa miaka 4 hajui hesabu ya dola. Anajua tu kwamba kiti kile ni kitupu.

Je, haiwezekani basi? Louis Brandeis, aliyeanzisha ofisi yake na Samuel Warren huko Boston mwaka 1879, alitajirika kwa uwakili, na hata hivyo mwezi wa Agosti alikuwa akiiacha ofisi. Alieleza kwamba kazi ya miezi 12 aliweza kuimaliza katika miezi 11, wala si katika 12. Twaona alifahamu jambo kubwa: alizitenga kwanza siku zisizouzwa, ndipo akauza zilizobaki. Anayengoja kazi imalizike ili aende nyumbani, hatakwenda.

Lakini Brandeis alikuwa bwana wa ofisi yake. Mfano wa Ruth Bader Ginsburg na mumewe Martin uko karibu zaidi na hali ya watu wengi. Ruth aliingia shule ya sheria ya Harvard mwaka 1956, mtoto wao Jane akiwa na miezi 14. Alisoma mpaka saa 10 alasiri. Kuanzia hapo saa zilikuwa za mtoto, mpaka alale. Kisha vitabu tena. Mwenyewe alisema kwamba kila upande ulimpumzisha na mwingine. Martin alipougua kansa, alimsaidia kupata masomo aliyoyakosa huku akiendelea na yake. Alipohitimu huko Columbia mwaka 1959, akiwa miongoni mwa wa kwanza kabisa, ofisi za New York zilimkataa: mwanamke, Myahudi, tena mama wa mtoto.

Tusidhani ya kuwa Martin alikuwa malaika tangu mwanzo. Alipokuwa akitafuta kuwa mshirika katika ofisi ya mawakili huko New York, mzigo mkubwa wa nyumba ulimwangukia mkewe. Baadaye aliona thamani ya kazi ya mkewe, akageuka. Hata shule walikosoma watoto ilipata kujifunza. Mwana wao James alikuwa mtundu, na walimu walikuwa wakimwita mama kila mara. Siku moja Ruth akawajibu kwamba mtoto huyo ana wazazi wawili, wawaite kwa zamu. Tangu hapo simu zilipungua sana. (Walimu wenzetu, na tujiulize: sisi humwita nani?)

Mwaka 1980 Ruth alipofanywa hakimu huko Washington, Martin alihama naye, akafundisha sheria ya kodi katika chuo cha Georgetown. Jikoni palikuwa pake tangu zamani, maana mkewe hakujua kupika, na binti yao ndiye aliyeomba aondolewe huko. Martin alifariki mwaka 2010. Mwaka uliofuata wake na waume wa mahakimu wa Mahakama Kuu walikusanya namna zake za kupika, zikachapwa kuwa kitabu.