Kifaru Kidogo Chenye Kutu



Baada ya darsa ya akina mama, mama mmoja aliniletea kisanduku. "Sheikh, mjomba wake kamletea haya kutoka Uingereza. Mwanangu hashiki jambo jingine. Niyatupe?" Ndani mlikuwa na askari wa plastiki wa urefu wa kidole gumba, dadu kadhaa, na kifaru cha vita kinachoenea kiganjani.

Mchezo huu una asili yake. Mwaka 1913 mwandishi Mwingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za kupiganisha askari wa bandia. Mwaka 1983 ukatoka huko Warhammer, mchezo wa mezani ambao mwenyewe huunga askari wake na kuwapaka rangi.

Nilimwita kijana anieleze kazi yake. Kwanza hupaka rangi ya chini, ili ya juu ishike. Kisha hupitisha rangi nyeusi iliyozimuliwa, ikaingia katika mianya na kufanya vivuli. Halafu huifuta brashi kitambaani mpaka ikaribie kukauka, akaigusisha kwenye kingo tu. Mwisho huutia uzee: kwa kipande cha sifongo hudonoa hudhurungi pale rangi inapobambuka kwanza, kutu huiteremsha kutoka kwenye misumari kama ishushwavyo na mvua, na tope hulipaka chini, kwenye minyororo. Nikamwuliza amejifunza wapi. Akanionyesha lango la chuma la jirani, lililoliwa na hewa ya chumvi.

Nikamwambia mama: usitupe, tenganisha. Bibi Aisha (R.A.) alipokuwa mdogo alikuwa na wanasesere, na miongoni mwao farasi mwenye mbawa za vitambaa, Mtume (S.A.W.) alipomwona alicheka. Ndipo wanazuoni wengi wakaruhusu vichezeo vya watoto. Ama aliyebaleghe kuunda kwa mkono wake sura za wenye roho, hapo pana onyo. Ibn Abbas (R.A.) alipojiwa na mtu aliyekuwa akila kwa kazi hiyo, alimwelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Kifaru hakina roho, wala jengo lililobomoka, wala jahazi. Na dadu tumeonywa nazo vikali katika hadithi sahihi. Hizo zitoke nyumbani.

Mama alimpa mtoto mdogo wa dada yake wale askari, dadu akazitupa, kifaru akakirudisha mezani. Kijana alinuna siku kadhaa. Kisha akanijia baada ya Alasiri na kuuliza: deheni ya jahazi hugeuka rangi gani ikishakaa majini miezi? Alikuwa amekwisha kuchonga jahazi la mbao. Nilimpeleka kwa fundi ufuoni akajionee.

Wazazi wenzangu, mwana anayenyang'anywa kila kitu hajifunzi kuacha, hujifunza kuficha. Tumwulize kwanza anachokifanya, tumwonyeshe mpaka wa sheria, tumhimize sala kwa wakati wake, na kilichobaki cha halali tumwachie mikononi.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.