Gari la dizeli likikataa kuwaka alfajiri: kubadilisha hita plagi nyumbani

Mwezi huu tunaleta habari ya gari. Akina mama, msifunge ukurasa, maana aliyetufundisha jambo hili ni mama mjamzito.

Sisi ni familia nne hapa Nakivale. Kwa pesa za kikundi chetu cha kuweka na kukopa tulinunua Hilux kuukuu ya dizeli, yenye silinda nne. Mchana inabeba mahindi na maharage, na mara nyingine inafika Mbarara. Usiku, mgonjwa akizidiwa, watu wanajua mlango wa kugonga.

Usiku mmoja wa mwezi wa sita, saa tisa, jirani alikuja mbio. Mke wake ameshikwa na uchungu. Baridi ilikuwa kali. Tukawasha: stata inazunguka, moshi mweupe unatoka, gari haliwaki. Tukarudia hadi betri ikachoka. Ikabidi wanaume tisa walisukume gari gizani, mama yumo ndani anauma kanga yake. Liliwaka tulipofika mteremkoni. Alijifungua salama kituoni, lakini sisi tulirudi kimya. Kwa wiki mbili gari lilikuwa linatuonya kila asubuhi, na sisi tulisema, "Aa, ni baridi tu."

HITA PLAGI NI NINI?

Wengi wetu tuliotoka Kongo tulizoea kusema mazutu na buji. Hapa mafundi wanasema dizeli na hita plagi. Injini ya petroli huwashwa na cheche. Ya dizeli haina cheche: hewa inabanwa mara ishirini hivi ndani ya silinda, inapata moto mkali, na dizeli ikirushwa humo inawaka yenyewe. Ila asubuhi chuma ni baridi na kinameza lile joto. Hapo ndipo hita plagi inasaidia. Ni kijiti cha chuma kinachopashwa na betri mpaka ncha yake inakuwa nyekundu. Katika injini kama yetu kila silinda ina yake.

Dalili za plagi zilizokufa ni hizi: gari linasumbua asubuhi lakini mchana linawaka mara moja; linatoa moshi mweupe; likishawaka linatetemeka na kugonga kwa dakika chache. Msidanganywe na ile taa ya deshibodi. Katika magari mengi ya zamani inafuata saa yake tu, inazimika hata kama plagi zote zimekufa.

KOSA LETU

Kesho yake tulinunua plagi nne tukaanza kazi kwa haraka, maana kulikuwa na mzigo wa kupeleka. Mbili zilitoka vizuri. Ya tatu ilikataa. Mmoja wetu akasema, "Lete bomba." Tukachomeka bomba kwenye mkono wa spana ili tupate nguvu, tukavuta. Kak! Plagi ikakatika, nusu ikabaki ndani ya kichwa cha injini. Kumbe plagi ni nyembamba na ndani ina nafasi. Ilibidi kichwa kifunguliwe gereji na gasketi mpya inunuliwe. Wiki tatu gari lilisimama, na pesa tuliyoiweka kwa ajili ya ada ya watoto ikaishia huko. Plagi moja!

TUNAVYOFANYA SASA

1. Soma namba iliyoandikwa kwenye plagi ya zamani, nunua ya namba hiyo hiyo. Usichukue kwa sababu zinafanana kwa macho. Zipo za volti 12 na zipo za volti chache zaidi. Ile ya volti chache ukiipa volti 12 moja kwa moja, inaungua.

2. Kwanza pima kama umeme unafika. Injini ikiwa baridi, funga klipu ya testa ya taa kwenye chuma cha injini, gusisha ncha ya testa kwenye ukanda wa chuma unaounganisha plagi, mwenzako afungue swichi bila kupiga stata. Taa isipowaka, tafuta fyuzi, relei au waya. Plagi zinaweza kuwa nzima, usipoteze pesa.

3. Zima swichi. Toa waya wa hasi wa betri, fungua nati ndogo, uondoe ule ukanda. Rudisha waya wa betri, swichi ikiwa bado imezimwa. Sasa klipu ya testa iwe kwenye chanya ya betri, na ncha iguse kichwa cha kila plagi. Taa ikiwaka, waya wa ndani haujakatika. Isipowaka, hiyo imekufa. Ukimaliza, toa tena waya wa hasi.

4. Safisha pembeni ya kila plagi kwa brashi, mchanga usije ukaanguka ndani ya silinda. Mimina oili ya kulegeza kutu kwenye shina lake, acha usiku mzima.

5. Asubuhi rudisha ukanda na betri, washa injini ipate uvuguvugu, kisha zima na uvifungue tena. Plagi hutoka vizuri chuma kikiwa na joto kiasi, ila angalia usiungue. Tumia spana ya boksi inayokaa sawasawa. Fungua kidogo, rudisha kidogo, ongeza oili. Ikikataa, acha! Bora ulale na plagi mbovu kuliko kulala na kichwa kilichofunguliwa.

6. Tazama ncha ya iliyotoka. Ikiwa imevimba, imeyeyuka au imekatika, usiwashe gari. Kipande kinaweza kuwa ndani, na huenda noseli inarusha dizeli vibaya. Hapo mwite fundi.

7. Mpya ianze kwa vidole, izunguke bila kulazimishwa. Ikigota, kaza kidogo tu kwa spana fupi. Rudisha ukanda, nati na betri. Fungua swichi, ngoja taa izimike, ndipo upige stata.

TAHADHARI

Kuna vijana wanaowasha kitambaa na kukiweka kwenye mdomo wa hewa, au wanapuliza dawa ya kuwashia ya kopo. Msifanye hivyo kwenye gari lenye hita plagi. Dawa ile hulipuka ikikutana na ncha nyekundu na inaweza kuvunja injini, na kitambaa cha moto kimeshaunguza watu. Watoto wakae mbali na betri pia.

Leo tumejiwekea utaratibu. Kila mwezi wa tano, kabla ya baridi, tunazipima plagi zote nne. Ni kazi ya asubuhi moja chini ya mparachichi, vijana wetu wanashika testa na kujifunza. Yule mtoto sasa anatembea, na mama yake akipita hapo hututania: "Leo linawaka, au niwaite wa kusukuma?" Tunamjibu linawaka. Nanyi wenye gari, pikapu au basi dogo la dizeli, lisikilizeni asubuhi hii, kabla hamjagongewa mlango saa tisa ya usiku.