Sarufi na Uteuzi wa Maneno kwa Mwanafunzi Aandikaye

Aghalabu mwanafunzi aliyekulia ndani ya Kiswahili, akiamriwa kufungua kitabu cha sarufi, huuliza swali ambalo si la utovu wa adabu hata kidogo: kuna haja gani ya kufundishwa ngeli, nyakati na minyambuliko, na hali mama yake, ambaye hakupata kukiona kitabu cha namna hiyo, husema lugha fasaha kuliko ya mwalimu? Swali hili lastahili jawabu, na kumwambia kuwa mtihani unataka si jawabu. Jawabu la haki ni kwamba mama husema mbele ya msikilizaji amwonaye. Akitamka neno lenye utata, uso na mkono na sauti yake hulifasiri papo hapo, na asipofahamika huulizwa akarudia. Mwandishi hana msaada huo. Maandishi yake husomwa na mtu aliye mbali, katika saa asiyoijua, pengine na mtu asiyempenda, na yale yote ambayo angaliyatia katika sauti hana budi kuyatia katika viambishi na maneno.

Na tutazame barua moja kwa karibu. Mwanafunzi adaiwaye ada amwandikia mkuu wa shule kuomba apewe nafasi zaidi, naye aanza hivi: "Sikulipa ada kwa sababu baba yangu ni mgonjwa." Hakuna ghalati katika sentensi hiyo, kila neno limepatana na mwenziwe. Lakini angaliandika "Sijalipa ada," barua ingekuwa nyingine kabisa. Katika "sikulipa" wakati wa kulipa umepita na jambo limekwisha, na mkuu wa shule asomaye hana la kungoja. Katika "sijalipa" wakati ungali wazi, deni limekiriwa na tumaini la kulipwa limo ndani ya neno lenyewe, kabla mwombaji hajaanza kuahidi chochote. Silabi moja imefanya kazi ambayo aya nzima ya kunyenyekea isingaliifanya. Mwenye kusema Kiswahili tangu utotoni huzitumia silabi hizi mbili kila siku pasipo kuzifikiri, na hilo latosha sokoni. Lakini akiketi na kalamu, woga wa mkuu wa shule humvuta kwenye lugha aidhaniayo kuwa ya heshima, na katika kuifuata humponyoka silabi iliyokuwa na faida kwake. Kuijua sarufi hapo ni kuweza kusimama, kuzitazama njia mbili, na kuchagua mojawapo kwa ikhtiari.

Kauli za vitenzi zina utajiri mkubwa zaidi, na nastaajabu kwamba madarasani hufundishwa kama jedwali la kukariri. Kikombe kikianguka mezani, msimuliaji ana ruhusa ya kusema kimevunjika au kimevunjwa. Kwa "kimevunjwa" yupo mvunjaji, ijapokuwa hakutajwa, na msomaji ataanza kumtafuta. Kwa "kimevunjika" mvunjaji ameondolewa katika habari, na kikombe kimebaki na bahati yake mbaya. Watoto wote wa Kiswahili hujua kumwambia mama kwamba sahani imevunjika. Waandikao taarifa za vyama na za halmashauri wanaijua hila hii vizuri kuliko wanafunzi, na ndiyo sababu mara nyingi husoma tukaambiwa kuwa fedha zimepotea, nasi tukatikisa kichwa kana kwamba fedha zina miguu. Mwanafunzi aliyefundishwa tofauti ya kutendwa na kutendeka amepata chombo cha kuandikia na chombo cha kusomea kwa pamoja: ajua namna ya kumtaja mtenda, namna ya kumficha, na namna ya kumgundua mwingine aliyemficha.

Hata upatanisho wa ngeli, ambao wengi huuona kuwa sehemu kavu kupita zote, una adabu ndani yake. Majina kama kipofu, kiziwi na kiongozi yana umbo la ki-vi, lakini kwa kuwa ni ya watu huchukua upatanisho wa watu: kipofu amefika, kiongozi amesema. Mtungaji wa tashtiti aweza kuivunja kanuni hii makusudi akaandika "kiongozi hiki kimetuchosha," na kila msomaji atafahamu kwamba mtu ameshushwa hadhi akawekwa safu moja na kiti na kikapu. Dharau hiyo yote imo katika viambishi, wala hakuna tusi lililotamkwa. Basi mwanafunzi asiyeijua kanuni, ambaye pengine Kiswahili ni lugha yake ya pili, huandika "kipofu kile kilinisikitisha," akamtukana mtu yule yule aliyetaka kumwonea huruma.

Juu ya "amba" sitasema mengi. "Mzee ambaye alikuja jana ambaye alikuwa na mzigo ambao ulikuwa mzito aliulizia nyumba ambayo mwalimu anakaa" ni sentensi ya mtu anayeburura miguu. "Mzee aliyekuja jana na mzigo mzito aliulizia nyumba akaamo mwalimu" yasema yale yale na kutembea. Lakini tusiikataze "amba" moja kwa moja kama wafanyavyo walimu wengine, maana ziko nyakati za kitenzi zisizokubali kirejeshi ndani yake, na barua ambayo haijajibiwa haiwezi kutajwa vizuri kwa njia nyingine.

Uteuzi wa maneno nao umepatwa na dhara shuleni, tena kwa nia njema. Wanafunzi hupewa orodha za misemo na tashbihi wazihifadhi, na siku ya insha huzimwaga zote: kila shujaa hurauka alfajiri na mapema, kila mwizi hutimka mbio mithili ya swara, na kila mlango ukibishwa moyo humwenda mtu mbio. Maneno haya ni mazuri. Ubaya wake ni kwamba yameandikwa kabla ya jambo lenyewe kufikiriwa. Laiti muda ule ungalitumiwa kupambanua maneno yaliyo karibu karibu! Kuona hakuhitaji nia, kwa kuwa mtu huona hata asilolitaka. Kutazama kuna nia. Kuangalia kuna uangalifu, hata tukamwangalia mgonjwa usiku kucha kwa maana ya kumtunza. Kukodoa kuna mshangao au ufidhuli. Na kuchungulia kwataka tundu, ufa au pazia. Mwandishi akisema kwamba jirani alichungulia, amekwisha jenga ukuta na dirisha pasipo kuvitaja, na amekwisha dokeza tabia ya jirani.

Kamusi ni msaidizi mwema katika kazi hii, endapo itasomwa na kutofunguliwa kwa ajili ya tahajia peke yake. Tangu mwaka 1981, ilipotoka Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwanafunzi amekuwa na kitabu kikubwa kimfasiriacho Kiswahili kwa Kiswahili. Wala usanifu huo usimfanye aidharau lahaja ya kwao. Kiunguja ndicho kilichokubaliwa mjini Mombasa mwaka 1928 kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, lakini mtoto wa Mombasa asemaye "ndoo" akikusudia njoo hakukosea lugha. Aifahamu lahaja yake, na siku atakapoandika mazungumzo ya bibi yake, neno hilo litakuwa mahali pake hasa.

Wazee wa pwani hawakuitenga sarufi na utunzi. Katika vyuo vyao vijana walisomeshwa Ajurumia, kitabu kidogo cha nahau ya Kiarabu alichokitunga Ibn Ajurrum wa Fez, aliyefariki mwaka 1323, nao walikisoma ili waweze kuingia katika vitabu vingine. Na katika mwaka mmoja, 1954, Waswahili walipata Sheria za Kutunga Mashairi za Sheikh Amri Abedi na Kielezo cha Insha cha Shaaban Robert, watu wawili waliokuwa watungaji kwanza, wakaandika juu ya kanuni kwa kuwa walizihitaji. Mpango wa mitihani ya siku hizi umeachanisha yaliyokuwa pamoja. Nchini Kenya mtahiniwa wa kidato cha nne huandika insha katika karatasi ya kwanza, hujibu maswali ya sarufi katika ya pili, na ya fasihi katika ya tatu. Na si nadra kumpata kijana awezaye kukitenga kitenzi katika mofimu zake zote bila taksiri, kisha katika insha yake asitumie hata kauli moja kwa makusudi.

Mwalimu hana mamlaka ya kuubadili mtihani, lakini ana mamlaka juu ya kipindi chake. Na atwae habari fupi ya ajali ya barabarani kutoka gazetini, mistari sita yatosha, awaambie wanafunzi waiandike upya mara tatu: taarifa ya askari wa barabarani, barua kwa mama wa dereva, na maelezo ya dereva mwenyewe mbele ya hakimu. Kisha zisomwe zote tatu kwa sauti, na kila kitenzi kilichobadilika kiandikwe ubaoni, aliyekibadili aulizwe sababu, na mwenye rai nyingine asimame aitoe. Kazi hiyo yaenea katika kipindi kimoja, na darasa liwe na wanafunzi themanini mwalimu hatabeba madaftari kwenda nayo nyumbani, maana masahihisho yamekwisha fanywa na wanafunzi wenyewe.