Filamu Zilizofungiwa Kabatini: Sanaa na Chama Ujerumani Mashariki

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Ujerumani, iliyozoeleka kuitwa Ujerumani Mashariki, ilitangazwa tarehe 7 Oktoba 1949 katika sehemu ya nchi iliyokuwa mikononi mwa jeshi la Kisovieti, na ikafutika tarehe 3 Oktoba 1990 Wajerumani walipoungana tena. Huko Zanzibar nchi hiyo inakumbukwa kwa majumba ya Kikwajuni na Michenzani, ambayo wataalamu wake walisaidia kuyajenga baada ya Mapinduzi ya 1964. Nyumbani kwao, viongozi wa dola hiyo waliamini kuwa taifa la kijamaa halijengwi kwa saruji peke yake. Riwaya, tamthilia na filamu nazo zilihesabiwa kuwa zana za ujenzi, zikagharimiwa na serikali. Ugomvi ulianzia hapo hapo, kwani serikali iliyotoa fedha ilitaka pia kuamua nini kisemwe.

Filamu ilitangulia hata dola yenyewe. Kampuni ya DEFA ilianzishwa Mei 1946 kwa leseni ya Wasovieti, na studio zake kuu zilikuwa Babelsberg, pembeni mwa Berlin. Mwaka huo huo ikatoa filamu ya kwanza ya Ujerumani baada ya vita, Die Mörder sind unter uns, iliyoongozwa na Wolfgang Staudte. Daktari aliyerudi vitani anamkuta kapteni wake wa zamani, aliyeamuru raia wa Poland wauawe, sasa ni tajiri mwenye kiwanda kinachogeuza kofia za chuma za askari kuwa sufuria. Katika hadithi ya awali daktari alimuua kapteni. Wasovieti wakataka mwisho ubadilishwe, wasije watazamaji wakajichukulia sheria mkononi. Kwa hiyo mkono wa mtawala ulikuwamo tangu filamu ya kwanza.

Katika tamthilia, jina kubwa lilikuwa Bertolt Brecht, aliyerudi kutoka uhamishoni na mwaka 1949 akaanzisha kundi la Berliner Ensemble pamoja na mkewe, Helene Weigel. Sifa zake duniani ziliipa nchi heshima, ingawa wakuu wa chama tawala hawakuipenda sana mitindo yake. Mwaka 1959, katika mkutano uliofanyika kwenye mji wa viwanda wa Bitterfeld, chama kiliwataka waandishi waende viwandani na wafanyakazi nao washike kalamu. Christa Wolf alikuwa miongoni mwa walioitikia wito huo. Alifanya kazi katika kiwanda cha mabehewa ya treni, na matunda yake ni Der geteilte Himmel ya mwaka 1963, riwaya ya msichana ambaye mchumba wake anahamia Magharibi kabla ya Ukuta wa Berlin kujengwa Agosti 1961.

Baada ya Ukuta kujengwa, wasanii wengi walidhani mambo yangelegea: adui yuko nje, basi ya ndani yaweza kusemwa. Walikosea. Tarehe 16 hadi 18 Desemba 1965 Kamati Kuu ya chama ilikutana. Mpango wa uchumi ulikuwa taabani, lakini Erich Honecker, mmoja wa vigogo wa chama, katika ripoti yake aliwashukia zaidi waandishi, watengeneza filamu na muziki wa vijana. Ni vigumu kutoona kwamba utamaduni ulibebeshwa lawama zilizostahili kwenda kwingine. Christa Wolf alisimama kuwatetea wenzake, asisikilizwe. Takriban filamu 12, karibu kazi yote ya mwaka ya studio, zilipigwa marufuku au kusimamishwa kabla hazijamalizika.

Mojawapo ilikuwa Das Kaninchen bin ich ya Kurt Maetzig, inayomhusu msichana anayempenda hakimu aliyemfunga kaka yake kwa kosa la kisiasa. Neno Kaninchen ni sungura, na tangu hapo filamu zote zilizofungiwa zikaitwa ‘filamu za sungura’. Maetzig, ambaye alikuwa mmoja wa waasisi wa DEFA, ilimbidi akiri makosa yake gazetini.

Iliyotia fora katika mkasa huu ni Spur der Steine ya Frank Beyer. Manfred Krug anaigiza kiongozi wa kikosi cha maseremala, mbabe anayepora changarawe za wengine ili kazi yake isisimame, na anayemtupa polisi kwenye bwawa la bata mbele ya watu. Anapambana na katibu wa chama, ambaye ana mke lakini amempa mimba mhandisi kijana, na hathubutu kukiri. Kilichowaudhi wakubwa ni huyo katibu, maana mtazamaji anaondoka akimpenda seremala mtukutu na kumwonea huruma mwanachama mwoga. Filamu ilipoanza kuonyeshwa Berlin mwaka 1966, watu waliopangwa walitumwa ukumbini kuzomea, na baada ya siku chache ikaondolewa. Beyer alifukuzwa studio, akapelekwa kuongoza tamthilia Dresden.

Vitabu vilibanwa kwa njia ya kimyakimya zaidi. Rasmi hapakuwa na udhibiti. Kulikuwa na ‘idhini ya kuchapa’: mswada ulipita kwa mhariri, kisha kwa wasomaji walioandika maoni yao, kisha kwa idara ya Wizara ya Utamaduni, ambayo ndiyo pia iliyogawa karatasi. Kitabu kisichopendwa hakikuhitaji kukataliwa. Kilipewa karatasi chache tu. Mwandishi mzoefu alijua mapema sentensi ipi itakwama, na mara nyingi akajikata mwenyewe. Wasomaji nao walizoea kutafuta yaliyofichwa. Sehemu kadhaa za mihadhara inayoambatana na Kassandra ya Christa Wolf zilipoondolewa mwaka 1983, mwandishi alishikilia kwamba kila pengo liwekewe nukta, na msomaji akaona kwa macho yake palipopita mkasi.

Honecker alipoushika uongozi mwaka 1971 kamba ililegezwa. Die Legende von Paul und Paula ya Heiner Carow, mapenzi ya mfanyakazi wa dukani mwenye watoto wawili na mtumishi wa serikali aliyeoa, ilitoka mwaka 1973 na ikatazamwa na watu wapatao milioni tatu katika nchi ya watu milioni 17. Jakob der Lügner ya Frank Beyer, aliyekuwa amerudi kwenye filamu, iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar, filamu pekee ya nchi hiyo kufika hapo.

Neema haikudumu. Novemba 1976 mwimbaji Wolf Biermann, mwana wa mkomunisti Myahudi aliyeuawa Auschwitz, aliruhusiwa kwenda kuimba Cologne, kisha akavuliwa uraia akiwa huko huko. Waandishi maarufu walitia saini barua ya kupinga, na wasanii zaidi ya 100 wakawaunga mkono. Mwaka uliofuata Manfred Krug alihama, na Jurek Becker, mwandishi wa Jakob der Lügner, naye akaondoka. Wengine wengi wakafuata. Kwa maoni ya wachambuzi wengi, jeraha hilo halikupona tena. Waliobaki waliandika chini ya macho ya Stasi, idara ya usalama iliyokuwa na watumishi wapatao 91,000 mwaka 1989, mbali na watoa habari wa siri. Mwaka 1993 ilifichuka kuwa Christa Wolf mwenyewe alikuwa mtoa habari kwa muda mfupi kuanzia 1959, kabla ya kugeuzwa kuwa mwenye kupelelezwa kwa miaka mingi.

Tarehe 4 Novemba 1989 yeye na waandishi wenzake Stefan Heym na Heiner Müller walihutubia umati mkubwa uwanjani Alexanderplatz. Siku tano baadaye Ukuta ulifunguliwa, usiku ule ule filamu ya Carow, Coming Out, ilipozinduliwa. Soko lilikuja na ukatili wake: shehena za vitabu vipya zilitupwa jalalani, na studio za Babelsberg zikauzwa mwaka 1992. Filamu zenyewe zimehifadhiwa na wakfu wa DEFA, ulioundwa mwaka 1998, na nyingi zinapatikana zikiwa na maandishi ya tafsiri. Mwenye nafasi ya kutazama moja tu, na aanze na Spur der Steine.