MTOTO ASIYETULIA USIKU: ALALE CHALI, ALALE SALAMA



Ni usiku wa manane na mtoto analia. Amenyonya, amebadilishwa nepi, amebembelezwa hadi akasinzia. Lakini akiwekwa tu kitandani anashtuka na kuanza upya. Asubuhi mama anasubiriwa shambani au kwenye foleni ya mgao. Katika uchovu huo mzazi hujaribu njia yoyote anayoambiwa, na mojawapo ni hii: "Mlaze kifudifudi, atatulia." Ni kweli, huenda akatulia. Lakini utulivu huo una hatari, na makala hii inaeleza kwa nini.

Je, kuamka-amka ni ugonjwa?

Hapana. Mtoto wa miezi 0 hadi 3 huhitaji saa 14 hadi 17 za usingizi kwa siku, ila hulala vipande vipande kwa sababu tumbo lake ni dogo na njaa hurudi upesi. Pia ana mshtuko wa asili: akihisi kama anaanguka, hurusha mikono na kuamka. Kilio cha watoto wengi huongezeka hadi kama wiki ya 6, kisha hupungua kufikia mwezi wa 3 au wa 4. Kwa hiyo mama usijilaumu, wala usidhani maziwa yako ni mabaya.

Kwa nini chali?

Mtoto aliyelala kifudifudi hulala usingizi mzito zaidi. Pua yake ikibanwa na nguo au godoro, huvuta tena hewa ile ile aliyoitoa, na huenda asiweze kuamka ili ageuze kichwa. Aliyelala chali huamka kwa urahisi zaidi, na wepesi huo wa kuamka ni ulinzi wake.

Hata wataalamu waliwahi kukosea. Daktari Benjamin Spock wa Marekani, ambaye kitabu chake cha malezi kilisomwa na mamilioni ya watu, alishauri katika miaka ya 1950 kwamba watoto walazwe kifudifudi, akihofia wasipaliwe na matapishi. Baadaye uchunguzi ulionyesha kwamba vifo vya ghafla usingizini vilikuwa vingi zaidi kwa watoto waliolazwa hivyo. Uingereza ilianza kampeni ya kulaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994. Katika nchi zote mbili vifo hivyo vilipungua kwa zaidi ya nusu katika miaka iliyofuata.

Na kupaliwa je? Mtoto akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, hivyo maziwa yanayopanda hushuka tena au humezwa. Kumlaza ubavu nako si salama, maana hubingirika na kuwa kifudifudi. Akishaweza kujigeuza mwenyewe pande zote mbili, mlaze chali, kisha akijigeuza mwache.

Kagua kitanda

Wengi wetu tuna ndugu Kampala. Tuseme dada yako anaishi Bugolobi, na mtoto wake akikua anakutumia kitanda chake cha mbao chenye vizuizi. Usikitumie kabla ya kukikagua:

1. Nafasi kati ya fito na fito isizidi sentimita 6. Kopo la soda likipita, kichwa cha mtoto kinaweza kunasa. Mwite fundi seremala aongeze fito.
2. Misumari isichomoze, na ubavu wa kitanda usilegee.
3. Godoro liwe gumu na bapa, lienee kitanda chote. Vidole viwili visipite pembeni.
4. Ondoa mto, blanketi zito, wanasesere na mifuko ya plastiki.
5. Chandarua kikazwe na kuchomekwa chini ya godoro, kisimwangukie mtoto. Sehemu za chini za Bugolobi zinapakana na kinamasi cha Nakivubo. Huku kwetu nako madimbwi hayakosekani. Mbu wa malaria huuma usiku.

Huna kitanda? Nchini Finland, tangu mwaka 1938, akina mama hupewa sanduku la nguo za mtoto, na watoto wengi wamelala ndani ya sanduku hilo hilo. Sanduku imara lililowekwa sakafuni, au mkeka wenye godoro jembamba na gumu karibu na mama, vinatosha. Mtoto alale chumba kimoja na mama, lakini mahali pake mwenyewe. Usilale naye kitanda kimoja ikiwa yeyote kitandani amekunywa pombe au dawa ya usingizi, au ikiwa mtoto alizaliwa njiti au na uzito mdogo.

Namna ya kumtuliza

Mnyonyeshe, kisha mweke begani na umpigepige mgongoni polepole hadi atoe hewa. Punguza mwanga na kelele. Mshushe ukianza na miguu, kisha makalio, mwisho kichwa, na uache kiganja chako kifuani mwake kwa dakika chache. Gusa shingo yake: ikiwa na jasho, punguza nguo. Ukimfunga kwa kitenge, kisibane kifua wala nyonga, na uache kumfunga mara aanzapo kujaribu kujigeuza.

Usifanye haya

- Usimpe dawa ya kikohozi, pombe wala dawa za miti ili alale. Kabla ya miezi 6 anahitaji maziwa ya mama tu.
- Usiweke jiko la mkaa ndani ili kupasha chumba joto. Moshi wake usioonekana huua. Kibatari kikae mbali na chandarua.
- Usimwache alale na uzi au shanga shingoni.
- Usimtikise kamwe, hata kwa hasira ya uchovu. Ubongo wake huumia. Mlaze chali mahali salama, toka nje upumue, au umwombe baba, bibi au jirani akupokee.

Kilio cha ugonjwa

Fika kituo cha afya mara moja, hata usiku, ikiwa mtoto ana homa au mwili wa baridi, anakataa kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea na haamki vizuri, au anapumua haraka: mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa chini ya miezi 2, mara 50 au zaidi akiwa na miezi 2 hadi 12.

Baba, bibi, shangazi na dada mkubwa, nanyi someni makala hii. Anayemlaza mtoto mchana naye amlaze chali. Kinga ni bora kuliko tiba.