GLAVU SI KINGA YA KWANZA



Mwajiri akiulizwa juu ya dawa zenye sumu, mara nyingi hujibu: "Tumewapa glavu na buti." Jibu hilo halitoshi, na sababu ilionekana Bhopal, nchini India.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba, 1984, maji yaliingia katika tangi la kemikali kwenye kiwanda cha Union Carbide kilichotengeneza dawa ya kuua wadudu. Joto likapanda, na gesi ya sumu, tani 40 hivi, ikafumuka na kuenea mjini. Watu zaidi ya 2,000 walikufa siku za mwanzo, na maelfu wengine baadaye. Wengi wao hawakuwa wafanyakazi wa kiwanda. Walikuwa wamelala majumbani mwao. Glavu ingewafaa nini? Mtambo wa kupoza tangi ulikuwa umezimwa kwa miezi kadhaa, na mnara wa kuchoma gesi ulikuwa umefunguliwa kwa matengenezo.

Basi kinga ina ngazi zake, nazo zifuatwe kwa utaratibu:

1. Kuacha sumu kali na kutumia isiyo kali; kutolimbikiza akiba kubwa.
2. Kuifungia sumu ndani ya mitambo, na kuusafisha mvuke wake kabla haujatoka nje.
3. Kuwafundisha watu kazi, na kutowaingiza katika shamba lililotoka kunyunyiziwa dawa.
4. Mwisho kabisa ndipo glavu, buti na barakoa.

Mashambani, mabomba ya kunyunyizia yasioshwe mtoni, wala madebe ya dawa yasitumiwe kuchotea maji. Sumu ya kazini hurudi nyumbani ndani ya ndoo.

Mwaka 1990 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 170 juu ya kemikali, na Tanzania iliuridhia mwaka 1999. Mkataba huo unataka kila kemikali iwe na lebo na wafanyakazi waelezwe madhara yake. Tena unampa mfanyakazi haki ya kuondoka penye hatari kubwa iliyo karibu, akimwarifu msimamizi wake papo hapo, bila kuadhibiwa.

Kila tawi la chama na liulize menejimenti: Ni sumu gani tunayoishika? Je, ipo isiyo kali? Mtambo upi wa usalama umezimwa, na tangu lini?