Kupunguza Ukubwa wa Programu Zinazopakuliwa

Makala haya yanaeleza namna programu ya kompyuta inavyoweza kumfikia mtumiaji mwenye mkondo mwembamba wa intaneti. Suala hili si la anasa. Programu isiyosahihishwa hubaki na kasoro ambazo wadukuzi wanazijua. Hivyo, anayeahirisha masahihisho kwa kuogopa gharama huhatarisha kazi zake zote.

Njia ya kwanza ni kubana. Mwaka 1977, Abraham Lempel na Jacob Ziv walionyesha kwamba mfuatano wa herufi uliokwisha kutokea hauna haja ya kuandikwa tena: yatosha kutaja umbali wa kurudi nyuma na urefu wa kipande cha kunakili. Mbinu hiyo ingali inatumika katika mafaili ya zip. Hata hivyo, kubana hakuzingatii kile ambacho mtumiaji anacho tayari.

Njia ya pili ni kupeleka tofauti tu. Toleo la zamani hulinganishwa na jipya, kisha kiraka kidogo hupelekwa, na kompyuta ya mtumiaji huunda toleo jipya yenyewe. Programu ya bsdiff ya Colin Percival, iliyotolewa mwaka 2003, hufanya kazi hiyo. Lakini programu hufanana na kitabu chenye marejeo mengi ya kurasa: ukiongeza ukurasa mmoja mwanzoni, marejeo yote hubadilika ingawa maneno ni yale yale. Mwaka 2009, Google ilileta Courgette, ambayo huweka majina mahali pa namba za kurasa kabla ya kulinganisha. Katika mfano uliochapishwa wa kivinjari cha Chrome, sahihisho zima lilikuwa na baiti 10,385,920. Kwa bsdiff, 704,512. Kwa Courgette, 78,848. Katika mkondo wa biti 64,000 kwa sekunde, hizo ni takriban dakika 22, sekunde 88 na sekunde 10.

Faida hiyo ina masharti. Kiraka hufaa toleo moja tu la zamani, kwa hiyo mtoaji hana budi kutunza viraka vingi. Aidha, matokeo lazima yahakikiwe kabla ya kutumiwa, na yakikosewa, faili zima lipakuliwe.

Njia ya tatu ni kuacha kisichohitajika. Tangu mwaka 2018, mfumo wa Android App Bundle huwezesha simu kupokea maandishi ya lugha zake tu. Kwa hiyo, tafsiri ya Kiswahili haimwongezei mzigo asiyeihitaji, na ukubwa wa programu si hoja tena ya kuikataa.

Hatimaye, chuo chenyewe chaweza kupunguza mzigo bila kumngoja mtoaji. Kompyuta 100 zikihitaji faili moja, mashine moja ilipakue mara moja, kisha iligawe katika mtandao wa ndani. Mkondo mwembamba hautapanuka kwa hilo, lakini hautabeba tena mzigo ule ule mara mia.